Panya wa Chumba cha Nne

Noeleen Pascoe aliingia nyumba ya wanyama akiwa na miaka arobaini na sita, akitokea kiwanda cha biskuti kilichofungwa. Miaka ishirini na miwili alisimama kando ya mashine ya kukatia unga, na kelele za mashine hiyo zilimla usikivu wa sikio la kushoto lote na nusu ya la kulia. Kwenye usaili aliulizwa kama anaogopa panya. Akajibu, "Niliishi na Clive miaka kumi na tisa. Nitaogopa nini?"

Clive alikuwa marehemu mumewe, na mtu aliyempenda sana, lakini wale wasaili watatu hawakujua hilo. Walicheka mpaka mmoja akavua miwani. Jumatatu iliyofuata Noeleen akapewa buti za mpira na kuoneshwa mashine ya kuoshea vizimba.

Mimi ndiye niliyemwonesha. Naitwa Kerryn, na nilikuwa nimeshakaa miaka sita katika ghorofa ya chini ya ile taasisi ya utafiti, hapa Adelaide. Nilidhani hatamaliza mwezi. Harufu ya mkojo wa panya na maranda yaliyolowa inawashinda wengi, na mvuke wa ile mashine mwezi wa pili, joto la nje likiwa digrii arobaini na mbili, unamshinda kila mtu. Noeleen alikaa. Tena alikaa akiimba, kwa sauti kubwa na mbaya, kwa sababu hakuisikia sauti yake mwenyewe.

Kitu nilichokuja kukigundua ni kwamba alikuwa na macho. Mtu asiyesikia vizuri huwa anaangalia. Vyumba vyetu vya panya tumevigeuza saa: usiku taa zinawaka, mchana zinazimwa na sisi tunafanya kazi kwa taa nyekundu, ambayo panya hawaioni vizuri. Kwa hiyo tukiingia saa mbili asubuhi, wao ndiyo kwanza wanaanza pilikapilika zao. Noeleen akileta vizimba safi alikuwa anasimama mlangoni dakika moja, mikono kiunoni, anatazama. Kisha ananinong'oneza, kwa mnong'ono wake unaosikika mpaka kwenye lifti, "Yule wa rafu ya tatu ana jambo."

"Jambo gani?"

"Sijui. Anakaa kama mtu aliyevaa viatu vinavyobana."

Anneliese Kranz, daktari wa wanyama aliyekuwa mkuu wetu, akienda kuangalia anakuta jino lina usaha. Ilipotokea mara ya tano Anneliese akamtoa kwenye mashine na kumpa chumba chake cha kulea. Anneliese ni mtu wa kule kwenye mashamba ya mizabibu, mkavu wa maneno. Alichosema siku ile ni, "Buti acha, chukua gauni la watunzaji." Noeleen alilia chooni.

Miaka ikapita kumi na miwili. Ndipo tukaambiwa tunahama.

Jengo la zamani lilikuwa limechoka, na taasisi ilikuwa imejenga jipya upande wa pili wa mji. Sisi tulinung'unika, kama watu wote wanaohamishwa. Aliyefurahi ni mmoja tu, Fergus Merrigan. Fergus alikuwa mtaalamu wa msongo, yaani jinsi mwili unavyobeba hofu na mabadiliko, na yeye mwenyewe sijawahi kumwona ametulia kwenye kiti. Alitukusanya kwenye chumba cha chai, mikono inapepea.

"Jamani, mnaelewa tumepewa nini? Watu wanahamisha panya kila siku duniani, wanasema wape wiki moja watazoea. Nani amewahi kukaa akawafuatilia wote, kabla na baada, siku kwa siku? Sisi tutafanya hivyo!"

Panya walikuwa mia mbili na arobaini, watatu watatu katika vizimba themanini, vyumba vinne. Mpango wake ulikuwa hivi: wiki moja kabla ya kuhama na wiki nne baada yake, kila panya apimwe uzito, vinyesi vyake vikusanywe ili maabara isome homoni ya msongo, macho yake yakaguliwe, na kila kizimba kipewe alama ya kiota, kuanzia moja mpaka tano. Panya aliyetulia hupasua vipande vya karatasi, akavisuka, akajenga kiota chenye kuta, tena pengine na paa. Aliye na wasiwasi huziacha karatasi zilivyo na kujibanza kwenye kona.

"Sasa, nani ana jicho la viota?" Fergus akauliza.

Sote tukamnyooshea kidole Noeleen.

"Basi wewe ndiye profesa wa viota."

"Profesa anapata kiti cha ofisini cha kuzunguka?"

"Hapana."

"Basi baki na cheo chako, nitafanya kazi tu."

Tulihama mapema mwezi wa tatu, kwa malori mawili yenye ubaridi, vizimba vikiwa vimefunikwa mashuka meusi. Noeleen alikaa mbele na dereva wa lori la kwanza, jitu la miraba minne lenye michoro shingoni, na kila lori lilipotikisika aligonga dirisha la nyuma na kusema, "Poleni, wapenzi." Yule dereva akamwuliza kama wanaweza kutoka. Noeleen akamwambia wakitaka wanaweza. Alituambia baadaye kwamba hajawahi kuona lori likiendeshwa kwa adabu namna ile.

Siku tatu za kwanza zilikuwa mbaya, kama tulivyotarajia. Panya akiwa na msongo hutoa majimaji mekundu kuzunguka macho. Mgeni akiona hudhani ni damu. Asubuhi ile ya kwanza karibu wote walikuwa na miwani myekundu. Hawakula. Viota, alama moja kila mahali.

Siku ya nne nikamsikia Noeleen kwenye korido, akiniita kwa kifupi cha jina langu. "Kez! Kez! Chumba cha kwanza! Rafu ya chini! Kuta!"

"Punguza sauti, utawaogopesha."

"Nimetoka nje nimefunga milango miwili! Njoo uone kuta!"

Nikaenda. Kwenye taa nyekundu niliona kibakuli cha karatasi zilizopasuliwa nyembamba kama tambi, na ndani yake panya watatu wamelundikana usingizini. Sikutegemea moyo wangu udunde vile kwa sababu ya karatasi. Kutoka siku hiyo Fergus aliweka ubao kwenye korido, na sisi watunzaji tukawa tunaukimbilia kila asubuhi kama watu wanaotafuta matokeo ya mpira. Chumba cha kwanza, mbili na nusu. Cha pili, ambacho kilikuwa changu, tatu. Cha tatu, tatu na robo. Uzito ukapanda. Macho yakasafika. Siku ya nane vyumba vitatu vilikuwa juu ya nne, na homoni imeshuka mpaka pale ilipokuwa kwenye jengo la zamani. Fergus alikuwa anaruka ngazi mbili mbili.

Chumba cha nne kilisimama kwenye moja na nukta mbili. Siku ya nane, siku ya tisa, siku ya kumi. Miwani myekundu haikutoka. Panya wawili walianza kujinyonyoa manyoya ya miguu ya mbele. Homoni haikushuka hata chembe.

Na chumba cha nne kilikuwa cha Noeleen.

Alipewa hicho kwa sababu ndicho kilichokuwa na panya wazee na waoga, na ndiye mwenye mkono mwepesi kuliko sisi sote. Alikuwa anawaachia wanuse kiganja kwanza, kisha anawabeba kwa mikono miwili kama anachota maji. Sasa wakawa wanamkimbia. Siku moja panya jike mmoja mzee, aliyemlea tangu akiwa mdogo, akamng'ata kidole. Noeleen alikuja kwenye chumba cha chai na kidole kimefungwa, na chai yake ikapoa.

Alhamisi Fergus akatuita mimi, Noeleen na Anneliese.

"Sitaki kumuumiza mtu," akaanza.

"Basi usimuumize," Anneliese akasema.

"Nimeangalia kila kitu. Joto la vyumba ni lile lile. Hewa ile ile, chakula kile kile. Nimeleta kipima kelele, chumba cha nne ni kimya kama kanisa siku ya Jumanne. Kinachotofautiana ni..." Akaangalia meza. "Kinachotofautiana ni mtu anayewashika."

Noeleen alimsikia vizuri sana. "Unasema ni mimi."

"Nasema inawezekana umechoka. Inawezekana una wasiwasi wa kuhama, nao wanaunusa. Haina maana wewe ni mbaya."

"Na panya wangu?"

Fergus akashusha pumzi. Panya sitini wasiotulia wangeharibu utafiti mzima. Alitaka waondolewe Jumatano ijayo, na waagizwe wengine. Sote tulijua kuondolewa ni nini. Hatukufanya kazi ile kama watoto; tulijua kila panya aliyeingia mle ana siku yake. Lakini kufa kwa ajili ya utafiti ni jambo moja, na kufa kwa sababu hakuna aliyejua kinachokusumbua ni jambo lingine.

Noeleen akasimama. Ni mfupi, ananifika begani, na gauni lile siku zote lilimburuta kidogo. "Nipe mpaka hiyo Jumatano. Kama ni mimi, ni rahisi kujua. Vizimba vyangu vitano viende chumba cha Kez. Vitano vya Kez vije kwangu. Lakini wangu nitaendelea kuwashika mimi, huko huko waliko. Na wake awashike yeye. Tuone nani atalia."

Fergus alikuwa ameanza kutabasamu bila kutaka, kama mtu aliyeoneshwa pasi nzuri na mchezaji wa timu nyingine.

"Hilo," akasema taratibu, "ni jaribio safi kabisa."

"Fanyeni leo," Anneliese akasema, naye alikuwa ameshashika kitasa cha mlango.

Ijumaa hakuna kilichobadilika. Jumamosi hakuna. Nilianza kumwogopea. Jumapili ilikuwa zamu yangu peke yangu, nikaingia saa mbili. Hatupewi ruhusa ya kuwapa panya majina, na kila mtu anawapa. Wa kwangu kipenzi alikuwa jike mnene niliyemwita Malkia, aliyekuwa na kiota cha alama tano, chenye paa, siku zote. Alikuwa mmoja wa wale waliopelekwa chumba cha nne. Nikamkuta amejikunja kwenye kona, karatasi zimetawanyika, macho yana pete nyekundu. Mikono yangu ile ile, hewa ile ile, na Malkia alikuwa amevunjika.

Nikaenda chumba changu, mbio, jambo ambalo haliruhusiwi. Vizimba vitano vya Noeleen vilikuwa rafu ya kati. Cha kwanza, kuta. Cha pili, kuta. Cha tatu, yule jike mzee aliyemng'ata alikuwa amebeba kipande cha karatasi mdomoni, anazunguka nacho, anatafuta pa kukichomeka. Nikaketi sakafuni nikacheka peke yangu nyuma ya barakoa.

Nilipompigia Noeleen alikuwa kwenye klabu yao ya kuviringisha mipira kwenye nyasi.

"Siyo wewe!" nikapiga kelele, ili asikie. "Ni chumba! Noeleen, ni chumba!"

"Nini?"

"NI CHUMBA!"

Nikasikia mtu nyuma yake akiuliza nani amekufa. "Hakuna aliyekufa, Des," akamjibu. "Washa gari."

Walifika baada ya dakika ishirini na tano, Noeleen amevaa nguo zake nyeupe za mchezo na kofia pana. Aliyemleta alikuwa Desmond, shemeji yake, kaka wa Clive, tarishi mstaafu mwenye miguu mirefu. Yeye hakuruhusiwa kuingia, akabaki kwenye maegesho na soseji yake ndani ya mkate.

Tulibadilisha nguo, tukaingia. Noeleen aliweka bakuli la maji juu ya kila rafu ya chumba cha nne na kuinama kulitazama, aone kama kuna mtikisiko. Maji yalitulia kama kioo. Akanusa kuta. Akanusa mifereji. Akapitisha mkono kwenye tundu za hewa. Nusu saa nzima. Panya wa pande zote walikuwa wamejibanza, na sasa tulijua kuna kitu mle ndani pamoja nasi na hatukioni.

Tukatoka nje tumekata tamaa. Desmond alikuwa anajifuta mchuzi wa nyanya kidevuni.

"Vipi, shemeji?"

"Kila kitu kiko sawa, na hakuna kilicho sawa."

"Mmesikiliza?"

"Fergus alileta kipima kelele. Kimya."

"Kinapima sauti zipi?"

"Des, sauti ni sauti."

"Wee!" Desmond akasimama wima. "Sauti ni sauti? Mimi nahesabu popo miaka tisa. Wanapiga makelele juu ya paa la kanisa mpaka mtu ungesema soko limevamiwa, na mchungaji analala pale pale chini anasema hajawahi kusikia kitu. Siyo kwamba hawapigi. Sikio lake halifiki huko. Panya linafika wapi?"

Mimi na Noeleen tukatazamana. Tulilijua jibu. Kila mtunzaji hufundishwa wiki ya kwanza kwamba panya husikia juu sana kuliko sisi, na wiki ya pili ameshasahau.

"Des," Noeleen akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia, "unasikiaje popo wako?"

Desmond alikuwa ameshafungua buti ya gari. Chini ya mipira na taulo akatoa kidude cheusi, ukubwa wa redio ndogo, chenye kitufe cha kuzungusha. Kinachukua sauti zisizosikika na kuzishusha mpaka sikio la mtu lizipate. "Kirudi kama kilivyo," akasema. "Hicho nakipenda kuliko mbwa wangu."

Nikampigia Anneliese kuomba ruhusa. Akauliza swali moja tu, kama tutakifunika kwa plastiki safi. Tukakifunika.

Tulianza chumba cha kwanza. Kidude kilitoa mkwaruzo mdogo tu, kama mvua ya mbali. Cha pili, vilevile, na hapa na pale mlio mfupi kama wa ndege. Cha tatu, kimya. Noeleen alikuwa amekishika kifuani, sikio la kulia amelilaza juu yake. Tukafika mlango wa chumba cha nne. Nikaufungua.

Kidude kikapiga yowe.

Halikuwa la kupanda na kushuka. Lilikuwa moja, limenyooka, halipumui, kama birika lililosahauliwa jikoni. Noeleen aliruka. Alitazama kile kidude, akanitazama mimi, na hata nyuma ya barakoa niliona mdomo wake umeachama.

"Nakisikia," akasema. "Kez, hata mimi nakisikia!"

Tukaanza kukifuata. Rafu za kushoto kikapungua. Rafu za kulia kikapungua. Alipokigeuza kuelekea mlangoni kikachachamaa, alipokiinua juu kikawa hakivumiliki. Juu ya mlango, kwenye dari, kulikuwa na kisanduku cheupe cha duara, kama andazi. Nilikuwa nimepita chini yake mara mia. Ni vile vidude vya kubana matumizi ya umeme, vinavyowasha taa mtu akiingia. Hiki kilikuwa cha aina inayopiga sauti ya juu mfululizo na kusikiliza inavyorudi, ili kijue kama kuna mtu anatembea. Baadaye tuliambiwa kwamba kwenye ramani ya kwanza chumba cha nne kilikuwa stoo. Kilipogeuzwa kuwa chumba cha panya mafundi wakakitenganisha kile kisanduku na taa, wakakiacha na umeme wake. Hakikuwa na kazi yoyote. Kilikuwa kinapiga kelele tu, mchana na usiku, kwa siku kumi na tatu.

Fundi umeme wa zamu alikuja amekasirika, tumemtoa kwenye mechi ya binti yake. Noeleen hakujieleza. Alimsimamisha chini ya kisanduku na kuwasha kidude cha Desmond. Yule fundi akasikiliza, akawatazama panya kwenye vizimba, akawatazama tena.

"Haya yote wanayasikia?"

"Tangu wamekuja."

"Masikini," akasema. "Leteni ngazi."

Akafungua, akachomoa nyaya mbili. Yowe likakatika. Tukabaki tumesimama watu watatu kwenye taa nyekundu. Kisha kwenye rafu ya juu karatasi ikachakarika. Panya mmoja alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, pua juu, masikio yanazunguka huku na huku. Kisha mwingine. Kisha rafu nzima.

Noeleen alikuwa ameushika mkono wangu na alikuwa anauvunja.

Jumatatu asubuhi Fergus alisikia habari yote amesimama kwenye korido na kofia ya baiskeli kichwani. Tulipomaliza alivua ile kofia, akaivaa tena, akasema, "Kipima kelele changu kinaishia pale sikio langu linapoishia. Mimi ni mjinga!" Kisha akaondoka mbio. Akarudi mbio. "Msibadilishe kitu kingine! Karatasi zile zile, chakula kile kile, mikono ile ile! Noeleen, mikono ile ile, umenisikia?"

"Nakusikia mpaka sikio la kushoto."

Jumanne alama ilikuwa moja na nukta nane. Jumatano, siku iliyopangwa ya kuwaondoa, Anneliese aliichana hati ya idhini mbele yetu, akaitupa kwenye pipa la taka. Siku hiyo alama ilikuwa mbili na nukta tisa. Alhamisi tatu na nusu. Ijumaa Noeleen alitembea mpaka kwenye ubao, amejinyoosha kadiri mwili wake unavyoruhusu, akaandika nne na nukta moja kwa tarakimu kubwa kuliko nafasi yenyewe. Watu walitoka maofisini kupiga makofi. Mtu alileta keki za hapa Adelaide zenye umbo la chura, za kijani, na Fergus akasimama juu ya kiti.

"Wiki iliyopita nilimwambia mtu mwenye jicho kuliko yeyote humu kwamba yeye ndiye tatizo. Nilikosea, na nilikosea bila kupima. Noeleen, naomba radhi."

"Shuka kwenye kiti, utavunjika," Noeleen akasema, lakini shingo yake ilikuwa nyekundu.

Baada ya chai akaniambia nimfuate. Desmond alikuwa amemwachia kile kidude wiki nzima, kwa masharti. Tukaingia chumba cha pili, vizimba vyake vitano vikiwa bado huko, Fergus nyuma yetu. Noeleen alimtoa yule jike mzee, akamlaza kwenye mkono, na kwa vidole viwili akaanza kumtekenya shingoni, kisha tumboni, kama alivyokuwa anafanya miaka yote, mchezo tu. Nikawasha.

Kikatoka kicheko. Sijui nikiite nini kingine. Vijilio vifupi vifupi, vinapanda, vinakimbizana, kama ndege mia wamefunguliwa dirisha. Noeleen akaacha kutekenya, vikakoma. Panya akageuka, akavifuata vidole vyake, akavisukuma kwa pua. Akatekenya tena, vikamwagika.

"Hiyo ni furaha," Fergus akasema. "Tunaijua, imeandikwa. Sikuwahi kuja kuisikiliza mwenyewe, hapa kwetu."

Machozi ya Noeleen yalikuwa yanateremka na kuingia kwenye barakoa. "Miaka kumi na miwili," akasema. "Nilikuwa nadhani mimi ndiye ninayeongea peke yangu humu."

Nisiwadanganye kuhusu yaliyofuata. Utafiti uliendelea mpaka mwezi wa nane, na ulipokwisha panya wale waliondolewa, wote, kama ilivyokuwa imepangwa tangu mwanzo. Noeleen alikuwepo siku hiyo, kama alivyokuwepo siku zote za namna hiyo, akiwashika mmoja mmoja mpaka walipolala. Malkia alimshika pia, maana mimi nilishindwa. Jioni alikwenda nyumbani, na kesho yake saa mbili alikuwa kazini.

Makala ya Fergus ilitoka mwaka uliofuata, na jina la Noeleen Pascoe liko la pili. Alinunua kidude chake mwenyewe. Sasa taasisi ikifungua chumba kipya, hakuna mnyama anayeingia kabla Noeleen hajapita nacho, na mafundi wa ujenzi wanamwogopa kuliko mkaguzi wa serikali. Habari zilisambaa. Mwezi uliopita watu wa Hobart walimwita akawaangalizie vyumba vyao, na akapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, akiwa na miaka sitini. Saa nne asubuhi simu yangu ikalia. Nyuma yake nilisikia watu wanabishana na yowe limenyooka.

"Kez! Unasikia? Kipo! Ndani ya friji yao, nyuma, wanasema haiwezekani! Miaka mitatu panya wao hawazai vizuri, miaka mitatu! Ngoja. Ngoja kwanza. Bwana, wewe, ndiyo wewe mrefu, shika upande ule, tunaivuta. Kez, nitakupigia!"